Siku ya shangazi: namna ya kumtoa mtoto wa kaka kununua nguo za sikukuu na kunywa chai mjini

Mtoto wa kaka yangu ana miaka minane, wa tatu katika watoto watano. Nguo yake ya sikukuu ilikuwa kila mwaka ikiingia nyumbani ndani ya mfuko mmoja na za wenziwe: magauni matatu ya kitambaa kimoja, kubwa, la kati na dogo, na kanzu mbili za wanaume. Hakuna aliyemuuliza anapenda rangi gani. Simlaumu mtu, maana mama mwenye watoto watano na futari ya kupika hana nafasi ya kumuuliza kila mmoja. Mwaka juzi nikamuomba kwa mamake, nikamchukua peke yake hadi Darajani, tukanunua, kisha tukakaa pahala tukanywa chai sisi wawili. Gauni lenyewe limeshakuwa dogo, kavaa mdogo wake. Ile chai bado anaihadithia.

Maelezo haya ni ya shangazi, mama mdogo, mama mkubwa au mjomba mwenye nia kama hiyo. Nimeyaandika kwa Unguja mjini, ninakokujua. Wa Chake Chake au Wete atabadilisha majina ya mitaa, mengine ni yale yale.

1. Chagua siku kabla ya kumwambia mtoto

Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Tunangoja kumi la mwisho la Ramadhani, tukitaka kwenda usiku baada ya tarawehe, wakati Darajani na Mchangani kote kumewaka taa na maduka hayafungwi mapema. Kwa mtu mzima kunapendeza. Kwa mtoto wa kimo cha kiunoni, anachokiona ni migongo ya watu. Saizi yake imeshanunuliwa na wenzake, muuzaji hana haja ya kupunguza bei, na fundi cherehani ameshakata shauri kwamba hapokei tena kitambaa cha mtu.

Mchana wa Ramadhani ndiyo kabisa usijaribu. Mwaka jana nilichelewa, nikampeleka baada ya alasiri, naye yuko katika funga zake za mwanzo. Duka la tatu akakaa juu ya robota la vitambaa akanambia, "Shangazi, sitaki tena gauni, nataka kulala." Tukarudi na viatu tu. Na chai siku hiyo haikuwapo, maana mchana wa Ramadhani Zanzibar hakuna cha kukaa hadharani ukanywa chai, na baada ya kufuturu mtoto alikuwa hoi.

Wakati ninaoupenda mimi ni wiki mbili za mwisho za Shaabani, siku za kuvunja jungu. Watu wako katika kula na kutembea kabla mwezi haujaandama, maduka yameshaanza kushusha mizigo ya sikukuu, mafundi bado wanapokea kazi, na migahawa iko wazi mchana. Utaambiwa ni mapema mno. Si mapema. Mtoto hakui mwezi mmoja na nusu kiasi cha gauni kumbana, na ukiwa na wasiwasi mwambie fundi aache pindo nene la kushusha.

Kama ni Idi Kubwa, nenda siku za mwanzo za Mfunguo Tatu, yaani Dhulhija, lakini si tarehe tisa, kwa sababu wengi huifunga siku ya Arafa.

Chagua Jumamosi au Jumapili ili skuli isiingie kati. Muulizie pia na chuoni, kwenye Kurani, kama siku hiyo ana darsa. Saa nzuri ya kutoka ni saa nane na nusu mchana, ameshakula na kuswali adhuhuri. Miaka hii Shaabani inaangukia kaskazi na jua la saa sita si la kumtembeza mtoto. Ukitoka saa nane na nusu unapata kama saa moja na nusu ya maduka, unaswali alasiri, unakunywa chai saa kumi na nusu, na magharibi inawakuta njiani kurudi.

2. Muombe kwa mama yake

Usimwambie mtoto kwanza. Ukimwambia mtoto kwanza umeshamfunga mikono mama yake. Mimi huenda mwenyewe, nikakaa jikoni, nikamwambia, "Wifi, naomba uniazime mwanao Jumamosi. Wa kati." Kisha namuuliza mambo matatu: ana upungufu gani wa nguo, kitu gani hataki anunuliwe, na kitu gani kikimgusa au akila kinamdhuru. Wifi yangu hataki viatu vya kisigino kwa mtoto, na neno lake ndilo neno, hata tukifika dukani mtoto akanitolea macho ya huruma.

Kuhusu wale wanne wanaobaki: watalia. Waambie wazi kwamba kila mmoja ana zamu yake, na utaje zamu ya nani inafuata, sikukuu ipi. Zamu ukiitaja itimize.

3. Pesa, na pochi ya mtoto mwenyewe

Tenga mafungu matatu nyumbani, kila fungu kwenye bahasha yake: nguo na viatu, chai na nauli, na pesa ya mtoto. Usiyachanganye. Fungu la chai ndilo linaloliwa kwanza na viatu usipolitenga, na ukifika wakati wa kukaa unajikuta unamnunulia mtoto juisi ya paketi mnainywa mmesimama.

Pesa ya mtoto mimi huweka shilingi 5,000, kwa noti ndogo, ndani ya pochi yake mwenyewe. Hiyo hana wa kumuuliza. Mwaka wa kwanza alinunua vibanio vya nywele kumi na mbili vya rangi zote na nikauma ulimi. Mwaka huu alinunua bangili za mdogo wake, pesa iliyobaki akaizuia hadi Forodhani.

Mwambie na kiasi cha fungu la nguo. Mtoto wa miaka saba, minane anaelewa hesabu. Ukimwambia "tuna elfu arubaini ya gauni na viatu" ataanza mwenyewe kupima: gauni hili likichukua ishirini na tano, viatu vimebakiwa na nini? Anayejua kiasi halilii asichoweza kununuliwa.

Chukua mkoba wa ukili au kikapu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar tangu 2006, na mkoba wa ukili unabeba viatu, kitambaa na visheti bila kukukata vidole.

4. Njiani

Mkipanda daladala muulize konda mapema gari inaishia wapi, ili msishushwe mbali na soko mkaanza kutembea juani. Mkalishe dirishani.

Kabla ya kuingia kwenye msongamano, simama naye pembeni mpatane: tukipoteana, husogei. Unasimama pale pale, na ukiogopa unaingia duka lililo karibu, unamwambia muuzaji jina lako na la shangazi. Humfuati mtu, hata akisema ananijua. Namba yangu ya simu naiandika kwenye kikaratasi naitia mfukoni mwake, siiandiki mkononi, inafutika na jasho. Vichochoroni mtembeze upande wa ukuta, kwa sababu vespa na baiskeli hazingoji mtu.

Pale Darajani mimi humsimamisha kidogo nikamuonesha barabara. Namwambia hapa palikuwa na maji ya bahari, mkono wa pwani ulioingia ndani ukautenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, mitaa ya upande wa pili, na watu walivuka kwa daraja. Maji yakafukiwa, daraja likaondoka, jina likabaki. Soko lenyewe ni la 1904. Aliangalia chini muda mrefu, kisha akaniuliza samaki walihamia wapi.

5. Dukani

Anza na viatu, si gauni. Sababu ni mbili. Mchana mguu umeshavimba kidogo kwa joto na kutembea, kwa hivyo kiatu kinachomkaa sasa kitamkaa sikukuu nzima. Pili, kiatu hakina fundi wa kukitanua. Avae vyote viwili, asimame, asogee mbele, na kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu pabaki nafasi ya kidole gumba chako. Mtembeze dukani hadi mlangoni na kurudi. Mtoto akipenda kiatu atakwambia hakimbani hata kama kinambana, basi usimuulize, mwangalie anavyokanyaga.

Gauni una njia mbili, la dukani au la fundi. Mlandege na Darajani utapata yaliyoshonwa tayari ya kila aina. Yapindue ndani uangalie mishono, na uguse bitana, kwa sababu magauni mengi ya sherehe yana wavu mgumu unaomkwaruza mtoto mapajani, akalivaa saa moja akalivua. Michenzani kwenye jengo jipya la maduka kuna kiyoyozi na bei zimebandikwa. Ni raha kwa mguu, ila mtoto hajifunzi kupatana.

Mimi moyo wangu uko kwa fundi, na kwa hivyo tunakwenda Mtaa wa Mchangani, kwenye vitambaa na kanga. Kwanza pita kwa fundi apime, akwambie anataka mita ngapi, ndipo uende dukani. Ukinunua kwa kukisia utapungukiwa mikono au utabaki na kitambaa cha kushonea mito.

Kanga ni somo peke yake. Mwambie muuzaji akunjue, kisha mfundishe mtoto: huu unaozunguka ni pindo, hapa kati ni mji, na haya maandishi ni jina. Mwache asome jina mwenyewe kwa sauti. Mtoto wangu alisoma "Nani kama mama" akasema hiyo lazima tumnunulie mama, na bajeti yetu ikayumba, lakini nilitoa. Doti moja ina vipande viwili: kwa mtoto wa umri huu kimoja mara nyingi kinatosha gauni jepesi la sikukuu ya pili au ya tatu, na cha pili kinabaki kuwa mtandio. Muombe fundi asilikate jina, alipange chini kwenye pindo.

Namna ya kumuachia achague bila kupotea ni hii: wewe chagua vitatu vinavyokubalika kwa bei, kwa heshima na kwa ubora, yeye achague kimoja katika hivyo. Akishachagua usiseme "una hakika?" wala usimuoneshe kile ulichokipenda wewe. Nililifanya kosa hilo mara moja tu. Alichukua nilichokipenda mimi, kwa adabu, na sura ikamwanguka.

Kupatana bei mruhusu ajaribu na pesa yake. Atoe salamu kwanza, "Assalaamu alaykum, shikamoo," kisha aulize bei, kisha aseme taratibu, "Nipunguzie kidogo, baba." Ukimsaidia usishushe hadi kumuudhi mtu. Mtoto anakuangalia namna unavyosema na mwenye duka.

Maduka matatu au manne yanatosha. Akianza kuburuta miguu, acha, hata kama hamjapata soksi.

6. Chai

Kwangu mimi hapa ndipo ilipo siku yenyewe, na yote yaliyotangulia ni njia ya kufikia mezani.

Pahala: tafuta mgahawa wenye meza safi, feni na choo, unaoingiwa na watu na watoto wao. Uangalie siku moja kabla, usiende kubahatisha na mtoto mkononi. Mji Mkongwe kuna hoteli zenye chai juu ya paa na bahari inaonekana. Mtoto hupenda sana kuwa juu, lakini ulizia mlangoni bei za chai na kama pahala penyewe ni baa, ndipo mpande ngazi. Vibarazani kama Jaws Corner, kahawa ni ya wanaume na dhumna zao. Mimi humpitisha tu aone mabirika ya shaba na vikombe vidogo, tukaenda zetu.

Kaeni mkiangaliana au pembeni ya dirisha. Simu itie mkobani, usiiweke mezani hata kifudifudi.

Mwache aagize mwenyewe kwa mtumishi. Mfundishe kusema, "Naomba chai ya maziwa, yenye iliki." Kwa mtoto, chai ya maziwa iwe nyepesi, maziwa mengi majani kidogo. Kama jioni humtia macho, muagizie chai ya mchaichai, ambayo haina majani ya chai ndani yake na inanukia vizuri. Mimi hunywa ya rangi yenye tangawizi, mdalasini na karafuu, nikamuonjesha kwa kijiko ili atambue kipi ni kipi. Karafuu aliijua mwenyewe mara moja, bibi yake mzaa mama ni wa Pemba.

Vitafunio vitatu, si zaidi: kimoja cha chumvi, kimoja cha sukari, na kimoja ambacho hajawahi kukila au hakipikwi kwao. Sisi tulikula sambusa, kaimati, na mkate wa kumimina ambao mamake hana muda wa kuuhangaikia. Urojo ni mtamu, lakini siku ya gauni jipya mkobani, urojo wa manjano uache.

Chai ikija, mwache amimine mwenyewe, wewe shika kifuniko cha birika. Ikiwa ya moto sana, mimina kidogo kwenye kisahani kama walivyokuwa wakifanya bibi zetu, apulize, anywe kwa kisahani. Alicheka hadi akamwaga. Tukapangusa.

Sasa mazungumzo. Usianze na skuli wala na juzuu gani amefika, hayo anaulizwa na kila mtu. Anza na lako. Mimi nilimsimulia gauni langu la sikukuu nilipokuwa na umri wake, la buluu, lililochanika siku ya kwanza Mnazi Mmoja kwenye mabembea, na namna babake, ambaye ni kaka yangu, alivyonivulia shati lake nijifunge kiunoni. Hakuwahi kumjua babake kama mtoto wa kiume mwenye shati moja. Akaniuliza maswali mengi. Kisha ukimya. Usiujaze ukimya ule, kunywa chai yako.

Baada ya ukimya akanambia kwamba darasani anakaa nyuma na ubaoni haoni kitu, anaandika kwa kuangalia daftari la mwenzake. Nyumbani hakuwa amesema, kwa sababu watoto ni watano na kila mmoja ana lake. Nilimuuliza kama naweza kumwambia mama yake, akakubali. Wiki ile ile akapelekwa kupimwa macho, na sasa ana miwani. Kwa hivyo usiibane chai ndani ya dakika kumi na tano. Saa nzima ipe.

7. Forodhani, kisha nyumbani

Kama miguu bado ipo, pitieni vichochoro vya Hurumzi mtokee upande wa Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu. Jumba hilo lilijengwa 1883 na Sayyid Barghash, na sehemu yake ikaanguka tarehe 25 Desemba 2020. Mtoto wangu alitaka kujua saa iliyokuwa juu ya mnara ilikwenda wapi. Kaeni ukutani Forodhani muwaangalie wavulana wanavyochupa baharini. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi aliinunua kwa pesa yake, glasi moja, akanipa mimi nianze.

Kabla ya kupanda gari nunua kitu cha wale waliobaki, kitu kimoja kinachogawika sawa: kashata, visheti au halua. Usinunue vitu vinne tofauti, mtagombana hadi usiku.

Ukifika, mkabidhi mtoto kwa mama yake, mtoto mwenyewe ndiye atoe nguo na kuzionesha. Halafu zikunjwe, ziwekwe juu ya kabati hadi sikukuu. Gauni la fundi kalichukue wewe, na umjaribishe siku kumi kabla, ili kama kwapa linabana fundi awe bado anapokea simu yako.

8. Usiku wa kuamkia sikukuu

Hina ni sehemu ya ahadi, kwa hivyo nenda umpake mwenyewe. Lakini piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, usimtie mtoto. Hina ya majani haitoi rangi nyeusi, inatoa wekundu wa kahawia, na inataka masaa ikae. Anayekwambia nusu saa tu mkono umekuwa mweusi, huyo ametia rangi ya nywele, na dawa iliyomo inaweza kumuunguza mtoto ngozi, akavimba, akabaki na alama. Kwa mtoto wa jirani yangu malengelenge yalikaa mkononi sikukuu nzima, yenye umbo la ua alilochorwa. Chukua unga wa hina safi, uuchanganye na ndimu na sukari kidogo, umchore mapema baada ya magharibi, umfunge kitambaa alale nayo. Asubuhi apukute, asioshe kwa sabuni mara moja.

Nguo zifukizwe udi usiku ule. Kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, tunawaachia wakubwa, yeye mchomekee asmini mbili tatu nyweleni asubuhi.

Na uwe umeshatafuta noti ndogo mpya mapema, kwa sababu baada ya sala ya Idi atakuja kwako wa kwanza kukupa mkono wa Idi, pochi yake imefunguliwa tayari, na nyuma yake wale wanne.